Ajabu Haitoshi: Kumsoma Ripley Ukiwa Katesh

Ukiambiwa kwamba Charles Lindbergh, yule rubani Mmarekani wa mwaka 1927, alikuwa mtu wa 67 kuvuka Atlantiki kwa anga bila kutua, utaamini? Robert Ripley alipochora hivyo gazetini, wasomaji walimjia juu kwa barua. Kumbe hesabu ilikuwa sawa: Alcock na Brown walivuka mwaka 1919, halafu maputo mawili makubwa yenye injini yakavusha watu 64. Sifa ya Lindbergh ni kuvuka peke yake.

Huo ndio utamu wa Ripley. Mchora katuni huyu alianza na ajabu za michezo kwenye New York Globe mwaka 1918, akaishia kuwa na vitabu, vipindi vya redio, filamu na ukumbi wa maonyesho Chicago mwaka 1933. Nyuma yake alikuwepo Norbert Pearlroth, aliyechimba maktabani New York kwa miaka 52. Kwa hiyo tusimdharau.

Kasoro yake ni nyingine: mara nyingi anakuacha ukiwa umeshangaa tu, na watu wa mbali anawageuza vioja.

Chukua Yaeda Chini, Mbulu. "Watu wanaoongea na ndege!" Katuni ingeishia hapo. Lakini Mhadzabe anapiga mluzi, mlembe anamwongoza hadi kwenye nyuki. Mtu anapata asali, ndege anapata nta. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walionyesha kuwa milembe wa Tanzania huitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao wa Msumbiji. Kule Msumbiji, mwito wa Wayao ndio unaoshinda. Ajabu imepungua? Hapana, imekua.

Sasa njoo Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka mlimani, likaua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji jirani. Kwa kuwa mlima ule ni wa volkano, ilikuwa rahisi kusema umelipuka. Maelezo ya serikali yalikuwa tofauti: miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikameguka. Hapo "kwa nini" si anasa. Anayeogopa volkano atasubiri moshi. Anayejua habari ya miamba ataangalia mvua na korongo lililo juu ya nyumba yake.

Basi ukitumiwa ajabu kwenye simu, ihakiki kama Pearlroth. Kisha ongeza swali ambalo katuni haikuwa na nafasi nalo: inakuwaje?