Kuzisikiliza Breki za Land Rover Kuukuu

Ukitoka Kiserian, barabara ya Magadi hupita Kona Baridi, kisha huanza kuteremka Bonde la Ufa. Anayefika Ziwa Magadi huwa ameshuka zaidi ya mita 1,000. Land Rover yenye kilo 1,500 ikiteremka kiasi hicho, nishati inayopaswa kupotea njiani ingetosha kuchemsha lita 40 za maji. Injini na upepo huchukua sehemu yao. Inayobaki huishia kwenye breki. Ndiyo maana pale Ngong, mwenye gari la zamani ana kila sababu ya kumtafuta fundi wa breki kabla ya mpiga rangi na mshona viti. Na fundi anayestahili sifa ni yule anayeijua kasoro kabla hajanunua spea.

Ufundi huo haupigiwi makofi. Kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoasisiwa Nairobi mwaka 1970 na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo, macho ya watu huvutwa na kromu inayometameta. Drami ya breki imejificha nyuma ya gurudumu, na kilichomo ndani yake hakiwezi kung'arishwa kwa kitambaa.

Tuchukue Land Rover Series III, gari la miaka ya 1970 na 1980. Breki zake ni rahisi kuzielewa: masta silinda, mabomba, hozi za mpira, kisha silinda ndogo, brekshu na drami kwenye kila gurudumu. Kinachoziunganisha ni kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba msukumo ndani ya kimiminika kilichofungiwa hufika kila upande kwa nguvu ileile. Mguu ukikanyaga, magurudumu yote hupata habari. Habari hiyo hurudi pia: kasoro iliyo kwenye gurudumu la nyuma husikika chini ya kiatu cha dereva. Mwenye subira anaweza kuifuatilia akiwa uani kwake, gari likiwa pahali tambarare na mawe yamewekwa kwenye magurudumu.

Pedali ikiwa laini kama sifongo, ikapata nguvu kadiri inavyopigwapigwa, kuna hewa ndani. Ikienda chini sana mara ya kwanza, kisha ikapanda na kukaza mara ya pili, brekshu zimelika au zinataka kusogezwa karibu na drami. Ikikaza vizuri halafu ikazama polepole chini ya mguu uliotulia, mafuta ya breki yanatoroka mahali fulani. Fundi atakagua kila bomba na kila gurudumu. Akikuta kote kukavu, atajua kwamba mipira ya masta silinda inapitisha mafuta ndani kwa ndani.

Pedali ikiwa ngumu na gari halitaki kusimama, hiyo ni habari nyingine. Kwa gari lenye servo, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, fundi huzima injini, hupiga pedali mara kadhaa, huuacha mguu juu yake, kisha huwasha. Pedali ikishuka kidogo, servo ni nzima. Isiposogea, huanza na bomba lake la hewa, kwa kuwa ufa mdogo hapo hutosha kuinyima nguvu.

Gari likivuta kushoto unapofunga breki, wengi hukimbilia gurudumu la kushoto. Fundi mzoefu huanza kulia. Mara nyingi kushoto kunafanya kazi yake, na kulia ndiko kulikolala.

Sasa drami ya nyuma imefunguliwa na brekshu zimelowa. Hapa haraka hugharimu pesa. Fundi hugusa ule umajimaji kwa kidole, kisha hukisuuza kwa maji. Mafuta ya breki huchanganyika na maji na kuondoka. Oili ya difu hubaki ikiteleza, na ina harufu ya kiberiti. Yakiwa ya breki, mpira wa silinda umekwisha. Ikiwa ni oili ya difu, oilsili ya habu ndiyo inayovuja, na anayebadilisha silinda na brekshu bila kuigusa atazikuta brekshu mpya zimelowa tena.

Gurudumu lililogoma kuachia nalo lina swali lake. Fundi hulipandisha kwa jeki na kulegeza kiskurubu cha kutolea hewa. Mafuta yakiruka na gurudumu likazunguka, msukumo ulikuwa umenaswa; hozi iliyooza kwa ndani huyaruhusu mafuta kwenda na kuyakataza kurudi, ingawa kwa nje inaonekana nzima. Gurudumu likibaki limekwama, kasoro imo ndani ya drami: pistoni imeshikwa na kutu, au springi imekatika. Jibu limepatikana kwa spana moja, na hakuna spea iliyonunuliwa.

Mazingira nayo huhojiwa. Udongo mweusi wa Kitengela ukiingia kwenye drami wakati wa mvua hukauka humo na kukwaruza. Gari linalotoka Jumapili tu hubeba hatari isiyoonekana, kwani mafuta ya breki hufyonza unyevu hewani. Kwa kiwango cha DOT 3, mafuta mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishaingiwa na unyevu, kiwango hicho hushuka hadi 140. Barabara ya kwenda sokoni haitalifichua hilo. Mteremko wa Magadi utalifichua. Vumbi la brekshu za zamani pia halipulizwi, kwa sababu huenda lina asbesto. Hufutwa kwa kitambaa kilicholowa.

Spea hununuliwa Kirinyaga Road, Nairobi. Mpangilio wa maswali haya hauuzwi dukani. Hurithishwa wakati wa kutoa hewa, kazi inayotaka watu wawili. Kijana hukaa kwenye usukani, na fundi hulala chini ya gari kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. “Kanyaga! Shikilia!” Kiskurubu hufunguliwa, mapovu hutoka, hufungwa. “Haya, achia!” Wanahamia gurudumu la pili, la tatu, la nne. Mwanzoni kijana hutii tu. Kufikia gurudumu la mwisho, ndiye anayemwambia fundi kwamba pedali imepanda na kukaza, kabla hajaulizwa.