Bass V: Fender waliongeza uzi, wakakata shingo

Kosa la Fender Bass V, gitaa la besi lililotoka mwaka 1965, liko kwenye shingo, na halina utetezi. Precision na Jazz Bass za kampuni hiyohiyo za wakati huo zilikuwa na freti 20. Bass V ikaongezewa uzi wa tano, C nyembamba juu ya G, kisha shingo ikaishia freti ya 15. Mpiga besi ahesabu mwenyewe: kwenye Precision, uzi wa G freti ya 20 unatoa E flati. Kwenye Bass V, uzi wa C freti ya 15 unatoa E flati ileile. Chini nako ni E ileile. Uzi mzima umeongezwa na hakuna hata noti moja iliyopatikana. Urefu wa uzi ulibaki inchi 34, hivyo shingo ilipofupishwa, mwili ukarefuka kufidia, na nyuzi tano zikabanana kwenye nafasi isiyovitosha vidole.

Watetezi husema lengo halikuwa noti mpya bali kumpunguzia mpigaji safari: badala ya mkono kupanda na kushuka shingoni, avuke nyuzi palepale alipo. Hoja hiyo ina uzito kwa anayesoma noti studioni. Lakini mkono haukuhitaji freti kukatwa ili uvuke nyuzi. Freti 20 zingempa urahisi huohuo, pamoja na noti tano zaidi juu, hadi A flati. Na kama ni kuongeza uzi, njia ilikuwa chini. Mpiga besi Anthony Jackson aliliona hilo mwaka 1975 alipotengenezewa gitaa la besi la nyuzi sita, B ya chini hadi C ya juu, na leo besi nyingi za nyuzi tano zina B hiyo.

Muziki wetu wa dansi unathibitisha kwamba kazi ya besi iko chini. Ndugu wa familia ya Kinyonga walitoka Tanga wakaanzisha bendi ya Simba Wanyika, na waliojitenga nao mwaka 1978 wakaunda Les Wanyika. Msikilize mpiga besi wao Tom Malanga kwenye wimbo wao Sina Makosa: besi inatembea chini, inaimba, inaliachia gitaa la rizimu la Professor Omari nafasi yake. Wimbo huo haudai C nyembamba. Nimesema mara nyingi na narudia: besi inayokimbilia solo imeacha kazi yake, na kwaya zetu zinazopima ubora wa gitaa kwa wingi wa nyuzi zinapotea njia ileile.

Hata hivyo, kuitambua Bass V kuna faida. Mtu wa Mpale, Korogwe au Handeni mkoani Tanga akiletewa besi ya zamani ya nyuzi tano, asitegemee jina lililo kichwani mwa gitaa, maana jina hubandikwa, wala namba ya bamba la shingo, maana mabamba ya Fender ya miaka hiyo hayakufuata mpangilio kamili. Ahesabu freti: zikiwa 15, mwili mrefu kupita kawaida, na pikapu ina kipande cha nyuzi tatu na cha nyuzi mbili, hiyo ndiyo Bass V, iliyotengenezwa hadi mwaka 1970. Ina thamani kwa wakusanyaji. Kwa jukwaa la dansi, Precision ya nyuzi nne bado inaishinda.