Sifa ya Mkono Uzibao Mvujo

Katika maarifa ambayo watu huyatumia pasipo kuyapa cheo, sijaona yaliyo mbali na fahari na karibu na heri kama maarifa ya kuyafuata maji mpaka yanapotokea. Nilikumbushwa jambo hili Mombasa, katika nyumba moja ya Mji wa Kale, ambamo mashine ya kuoshea vyombo, iliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya kuwa hidaya ya mtoto kwa mamaye, ililowesha sakafu ya jikoni, kisha ikakataa kabisa kufanya kazi. Vijana walikata shauri upesi: itolewe, inunuliwe nyingine. Mwenye nyumba, ambaye ni shangazi yangu, aliwajibu kuwa yeye hatupi kitu kabla hajajua kimeharibika nini, akaagiza aitwe fundi.

Fundi alikuja na bisibisi, koleo, tochi, pima maji na fungu la magazeti ya zamani. Baada ya kujuliana hali kama ilivyo ada, alikata umeme, akafunga bilula, kisha, kabla ya kufungua skrubu hata moja, akaketi akauliza. "Mama, mwatumia sabuni gani? Maji huonekana mwanzo wa kuosha au mwisho? Mbele, penye mlango, au nyuma?" Asiyeijua kazi angedhani mzee anapitisha wakati, kumbe maswali yale yalikuwa nusu ya kazi yenyewe. Sabuni ya kuoshea kwa mkono ikitiwa katika mashine hii hufanya povu jingi linalopenya mlangoni, na mashine iliyoinamia mbele humwaga maji ilhali haina kiungo kilichovunjika. Fundi mwenye insafu huanza kwa kuuondolea mtambo tuhuma za uongo, asije akatoza fedha kwa kosa la sabuni au la sakafu.

Sabuni ilipoonekana haina hatia, na pima maji ikashuhudia kuwa mashine imesimama sawa, aliondoa bamba la chini. Trei iliyomo chini ya mtambo ilikuwa na maji, na juu yake lilielea boya dogo, ambalo likiinuka hugusa swichi na kuuzuia mtambo usiendelee. Ule ukaidi tuliokuwa tukiulaumu ulikuwa hadhari ya mashine kwa nyumba yetu. Aliikausha trei, akatandika magazeti pande zote, akafungulia maji na umeme, akajilaza ubavu, tochi mkononi, akangoja.

Kungoja huku ndiko kiini cha ufundi wenyewe. Tone la maji aghalabu haliangukii pale lilipotoka. Hutambaa chini ya bomba, huzunguka ukingo wa bati, hujikusanya penye mteremko wa mwisho, ndipo lianguke, na mwenye pupa akazaye kiungo kilicho juu ya doa huwa amekikaza kisicho na kosa. Gazeti lilipolowa upande wa kushoto, fundi hakushangilia. Aliufuata unyevu kwa ncha ya kidole, kinyume cha mwendo wake, mpaka akaufikia mpira uzibao mlango, ambao ncha yake ya chini ilikuwa imekakamaa kwa mafuta ya vyombo na kwa chokaa, maana maji ya visima vya Mombasa hupita katika mwamba wa matumbawe, wala hayaji mikono mitupu. Aliupangusa kwa siki. Ulipokataa kulainika alitoa mwingine, akauanzia katikati ya upande wa juu, akaushindilia kwa kidole gumba, kulia kidogo, kushoto kidogo, bila kuuvuta kabisa, kwa kuwa mpira uliovutwa hurejea urefu wake baadaye ukaacha pengo. Magazeti mapya yakatandikwa, vyombo vikaoshwa, karatasi zikabaki kavu.

Mwendo wa kidole kile ulinirejesha kwa wakalafati wa utoto wangu, ambao jahazi ilipopandishwa mchangani wakati wa bamvua walikaa chini ya tumbo lake na pamba iliyoshiba mafuta, wakiishindilia baina ya mbao kwa nyundo na patasi, ufa kwa ufa, mlio wao ukisikika mpaka majumbani, kisha wakalipaka tumbo zima shahamu na chokaa. Hapakuwa na nahodha aliyeona haya kusema kuwa chombo chake chavuja, kwa sababu kila chombo huvuja. Haya ilikuwa ya yule aliyekiacha kivuje. Maji ya ngama yalifuliwa, pamba ikabadilishwa, na jahazi ikaishi kumpita aliyeiunda.

Na mashine hii nayo, ukiiuliza nasaba yake, ina asili ya kuchukia upotevu. Josephine Cochrane, mwanamke wa Shelbyville katika jimbo la Illinois, Marekani, alichoshwa na sahani zake za kauri kumeguka mikononi mwa watumishi, akabuni mtambo wa kuziosha kwa nguvu ya maji, akapewa hataza mwaka 1886, na mwaka 1893 akauonyesha katika maonyesho makubwa ya Chicago. Chombo kilichozaliwa kwa kuwa mtu hakuridhia kupoteza sahani moja leo hutupwa kwa ajili ya mpira mmoja. Wazee wa Lamu, waliozipanga kauri katika zidaka, na wale wa Mambrui, waliozipachika bakuli za Uchina katika nguzo ya kaburi, wangalimwelewa mwanamke yule pasipo mkalimani.

Sisemi kuwa kila kitu hutengenezeka. Pipa lililotobolewa na kutu halina dawa, na fundi mkweli hulisema hilo kabla ya kushika chombo chake cha kazi. Lakini mara nyingi kitupwacho kimemwishia mwenyewe subira, hakijaisha manufaa, na hiyo ni israfu iliyovikwa nguo ya maendeleo. Ulaya, ambako tulijifunza sehemu ya tabia hii, wameanza kuionea haya: mwaka 2009 Martine Postma alianzisha mjini Amsterdam mikutano ya watu kutengeneza vitu vyao wakisaidiwa na wajuzi, na tangu Machi 2021 kanuni za Umoja wa Ulaya zawalazimu waundaji wa mashine hizi wahakikishe kuwa mipira ya milango na machujio yapatikana, hata kwa mtumiaji wa kawaida, kwa muda usiopungua miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingia sokoni.

Kanuni hiyo ni njema, nayo yanihuzunisha, kwa kuwa yaweza kuuhifadhi mpira ghalani, haiwezi kumhifadhi aujuaye. Fundi yule hana mwanafunzi. Wanawe wanauza simu, na vijana wa mtaa waona kulala sakafuni ukilingoja tone ni kazi duni. Nasi tumewasaidia kuona hivyo kila tulipomkatia fundi ujira wake, kisha tukaenda dukani tukalipa bei ya mashine mpya bila kunung'unika. Tukifika mwisho wa dharau hii mipira itapatikana, na mtaani hapatakuwa na mtu ajuaye aanzie wapi kuipachika.