Kuruka Huanzia Gotini

Kila Desemba, watu wa mlimani wanaporudi nyumbani, mjukuu wangu hufika Kirua Vunjo, Kilimanjaro, akitokea Nairobi wanakoishi wazazi wake. Ana miaka kumi. Asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, yeye huwa keshatoka barazani. Hushika ukingo wa mbao kwa mkono mmoja, hugusanisha visigino, huelekeza vidole nje, kisha hukunja magoti taratibu na kuyanyoosha taratibu vilevile. Hufanya hivyo mara nane, hugeuka, hushika kwa mkono wa pili, na kuanza tena. Mwaka wa kwanza nilidhani anajiandaa kufanya jambo fulani. Nilikaa na kikombe changu nikisubiri lianze. Huu ni mwaka wa nne, na nimeelewa kwamba lile nililokuwa nikilitazama ndilo jambo lenyewe.

Anasomea baleti. Ule mkunjo wa magoti huitwa plie, neno la Kifaransa lenye maana ya kukunjwa, na karibu kila darasa la baleti duniani hufunguliwa nao. Anaukunja mtoto wa siku ya kwanza, na anaukunja mchezaji mkuu wa Paris aliyekwisha kupigiwa makofi miaka ishirini. Ukiutazama kwa haraka utaona mtu anachuchumaa nusu na kuinuka. Ukiutazama kwa miaka minne, utaanza kuona kilichomo.

Goti linapokunjwa sharti lielekee kule vidole vinakoelekea. Likiingia ndani hata kidogo, uzito wa mwili huliangukia upande, na goti la mtoto halikuumbwa kubeba uzito kwa upande. Kuelekea nje kwa vidole hakutokani na kuulazimisha unyayo. Kunatokana na nyonga kufunguka, na nyonga hufunguka polepole, mwaka hadi mwaka. Kisigino nacho kibaki chini kadiri kinavyoweza, ili kano ya nyuma ya mguu ivutike vizuri, kwa maana kano hiyo iliyovutika itasaidia kumrusha. Na atakapotua atarudi kwa njia ileile: ncha za vidole kwanza, kisha unyayo, kisha kisigino, na mwisho goti linalokunjika kuupokea mwili wote. Kila mruko huanzia kwenye plie na kuishia kwenye plie. Wepesi tunaoushangaa hewani umetengenezwa chini.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee waliochimba mifongo, ile mifereji ya maji ya Uchagga, walichukua maji juu kabisa korongoni, wakayaongoza ubavuni mwa mlima hadi vihambani, kilomita kwa kilomita, bila pampu. Mfongo mzuri huteremka kidogo mno. Mgeni akisimama ng'ambo ya bonde na kuutazama, anaweza kuapa kwamba maji yanapanda. Hayapandi. Yanashuka kwa kipimo, na kipimo hicho ndicho ufundi wenyewe. Nikimwona mtoto akiruka na kuonekana kama amekaa hewani muda mrefu kidogo kuliko inavyowezekana, nakumbuka mfongo.

Bibi yake aliona jambo jingine kabla yangu. Siku ya pili tu ya kumtazama alisema, "Huyu anasimama kama mtu aliyebeba mkungu." Ni kweli. Mama anayeteremka na mkungu wa ndizi kichwani kwenda sokoni hulainisha magoti ili mteremko usimtikise, na kutoka kiunoni hadi utosini hunyooka. Miguu inafanya kazi yote na shingo haina habari. Baleti inataka hivyohivyo: shida ibaki chini, uso utulie.

Sanaa hii ilipata sheria zake kwenye ikulu ya Ufaransa. Mwaka 1661 mfalme Louis wa 14, ambaye mwenyewe alikuwa mcheza densi, alianzisha chuo cha kifalme cha densi, na mwalimu wake Pierre Beauchamp ndiye anayetajwa kuzipanga nafasi tano za miguu zinazofundishwa mpaka leo. Ndiyo sababu mtoto wa Kichaga huko Nairobi huzitaja hatua zake kwa Kifaransa, sawa na mtoto wa Moscow au Tokyo.

Lakini kuna tofauti moja iliyonichukua muda kuielewa. Kwenye iringi, ngoma ya wazee wetu, watu husimama duara, sauti moja ikatangulia na nyingine zikapokea, na hakuna anayekuja kutazama tu. Mtoto hujifunza kwa kuwekwa kati ya mabega mawili yanayojua. Ukitaka kumsaidia, unaingia duarani. Baleti haikupi nafasi hiyo. Mimi siwezi kuingia kwenye hatua za mjukuu wangu, wala bibi yake hawezi, wala wazazi wake. Tulichobakiwa nacho ni macho. Na macho nayo hufundishwa. Nimefikia kuamini kwamba msaada mkubwa ambao ukoo unaweza kumpa mtoto anayesomea baleti ni kujifunza kuona anachofanya, ili anapovuka jambo gumu kuwe na mtu wa kwao aliyeliona.

Wapo waliotangulia kuona. Kibera, Nairobi, mwalimu Mike Wamaya alifundisha baleti darasani, madawati yakisukumwa ukutani ili sakafu ipatikane, bila vioo, watoto wakijisahihisha kwa jicho lake na kwa sauti yake. Mwaka 2017 aliingia katika kumi bora wa tuzo ya dunia ya ualimu. Joel Kioko alikulia Kuwinda, mtaa wa mabanda wa jiji hilohilo, akasoma katika Dance Centre Kenya kwa Cooper Rust. Mwishoni mwa 2016, akiwa na miaka 16, alirudi kutoka masomoni Marekani ili acheze nyumbani wakati wa Krismasi. Baadaye akaenda London, kwenye shule ya English National Ballet. Watu husimulia habari zake kama muujiza. Mimi ninapozisoma nazihesabu plie zilizomo: asubuhi ngapi, mara nane ngapi, na mwalimu aliyesimama pale kila mara akisema goti, goti, goti.

Kwetu Tanzania nako anayetaka kusomea uchezaji ana pa kwenda. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, kilianza mwaka 1981 na kimelea wachezaji wa ngoma zetu kwa vizazi. Dar es Salaam kuna MuDa Africa, inayofundisha densi ya kisasa. Mzazi wa Moshi asiye na shule ya baleti karibu asijione hana cha kumpa mtoto wake. Mwili uliofundwa na ngoma hauanzi sifuri popote.

Mjukuu wangu alipofika mwaka wa pili nilimuuliza nimfanyie nini. Hakuomba nguo. Aliniambia, "Babu, sakafu yako ni ngumu." Baraza letu ni la saruji, na saruji hairudishi kitu: kila anapotua, pigo lote hubaki mguuni mwake. Shuleni kwao wanacheza juu ya mbao zinazonesa. Nikamwita fundi seremala jirani, tukakaa chini tukafikiri. Alipanga mapapi ya mgrevilea safu tatu, kila safu ikikatiza iliyo chini yake, na pale mapapi ya juu yanapokanyaga yale ya katikati hakuna papi la safu ya chini moja kwa moja, ili mbao ziwe na nafasi ya kushuka kidogo na kurudi. Juu akagongomea mbao alizozipiga randa mpaka kiganja kikapita bila kukwaruzwa, na vichwa vya misumari akavizamisha. Jukwaa hilo lina mita mbili kwa mbili. Alipomaliza alisimama katikati, akakunja magoti, akasikiliza. "Linapumua," alisema. Fundi yule hajawahi kuona baleti, lakini aliielewa kwa njia ya mbao.

Kitu anachokitamani zaidi ni viatu vya kusimamia ncha za vidole, na hicho hatumpi. Mifupa ya miguu ya mtoto wa miaka kumi bado haijakomaa, na vifundo vyake bado vinajengwa. Walimu waangalifu husubiri mpaka miaka 11 au 12, na hata hapo hutazama nguvu kabla ya umri. Nilipojua kiatu hicho kinavyotengenezwa, niliacha kuona kusubiri huko kama kunyimwa. Kampuni ya Freed ya London, iliyoanza 1929, bado hukitengeneza kwa mkono. Fundi hukishona ndani nje, huijenga ncha kwa matabaka ya nguo, gunia na karatasi yaliyoshikwa na gundi ambayo msingi wake ni unga na maji, hukipindua, hukigonga kwa nyundo kupata umbo, kisha hukiingiza kwenye joko kikauke. Hakuna chuma katika ncha hiyo. Kila fundi ana alama yake chini ya soli, mmoja nanga, mwingine samaki, mwingine taji, na mchezaji anaweza kushikilia alama ileile miaka na miaka kwa sababu ule mkono unaujua mguu wake. Mchezaji mkuu huweza kumaliza jozi nzima katika onyesho moja.

Kwa muda mrefu viatu hivyo vilikuwa vya rangi ya waridi tu, na wachezaji weusi walivipaka vipodozi vya uso ili mstari wa mguu usikatike machoni pa mtazamaji. Arthur Mitchell, aliyeanzisha Dance Theatre of Harlem mwaka 1969, aliwavika wachezaji wake rangi za ngozi zao. Mwaka 2018, kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black, Freed wakatoa viatu vya kahawia. Mjukuu wangu atakapofika wakati wake, kiatu cha rangi ya mguu wake kitakuwa dukani. Nami nafurahi kwamba kitamkuta tayari, mguu na moyo.

Desemba iliyopita, kabla mjukuu wetu hajapanda mlimani, mimi na bibi yake tuliteremka. Tulipanda gari Uchira, tukapita Himo, tukavuka mpaka Holili, Taveta, Voi, hadi Nairobi. Shule yake ya baleti ilikuwa inaonyesha Nutcracker, baleti ya Krismasi iliyochezwa mara ya kwanza St Petersburg mwaka 1892 kwa muziki wa Tchaikovsky. Ina sehemu nyingi za watoto, na ndiyo maana shule nyingi huipenda. Yeye alikuwa askari mdogo, mmoja kati ya kumi na wawili. Zamu yao haikufika dakika nne.

Zamani ningetazama uso wake tu. Safari hii niliteremsha macho. Waliingia kwa mstari, wakageuka, na muziki ukashuka chini kabisa kabla ya mruko wao wa pamoja. Nikaona magoti yakikunjika kuelekea vidole, visigino chini. Wakaruka. Muziki ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba tulisikia miguu ikirudi jukwaani, mmoja mmoja, tapu, tapu. Bibi yake alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Alinishika mkono akaubana.

"Wake haujasikika," akasema.