Asilimia 98 Iliyoficha Alumini

Mwaka 1801 jarida la Royal Society ya London lilichapisha uchambuzi wa jiwe la buluu kutoka Cornwall, rasi iliyo kusini-magharibi mwa Uingereza. Aliyeufanya alikuwa Richard Chenevix, mwanakemia kutoka Ireland. Katika kila sehemu 100 za uzito wa jiwe hilo alipata oksidi ya shaba 49, asidi ya aseniki 14 na maji 35. Jumla ni 98. Kwa mizani na vyombo vya wakati ule, kupungukiwa na mbili katika mia kulihesabiwa kuwa kazi safi, na takwimu hizo ziliingia katika vitabu vya madini.

Takwimu hizo zilikuwa na pengo kubwa. Karibu sehemu 12 za jiwe hilo ni oksidi ya alumini, nayo haimo kabisa katika hesabu ya Chenevix. Swali la kitaalamu ni hili: kitu chenye uzito wa zaidi ya sehemu moja ya kumi kiliwezaje kupotea, na jumla ikabaki karibu kabisa na mia? Jibu linapatikana kwa kuziweka tarakimu zake kando ya zile tunazozijua leo. Ni jibu zuri, kwa sababu linaonyesha karibu hatua kwa hatua mkono wa mchambuzi ulipoteleza.

Kwanza jiwe lenyewe. Huitwa lirokoniti, nalo ni aseneti, yaani chumvi ya asidi ya aseniki, ya shaba na alumini yenye maji mengi. Fomula yake ni Cu2Al(AsO4)(OH)4·4H2O. Rangi yake huanzia buluu ya anga hadi kijani cha kutu ya shaba, na fuwele zake hupitisha mwanga na kung'aa kama kioo. Ni laini: kwa kipimo cha Mohs ugumu wake ni 2 hadi 2.5, kiasi kwamba ukucha wa kidole unaweza kuacha alama juu yake. Tena ni jepesi kwa jiwe la shaba. Uzito wake ni karibu mara tatu ya uzito wa maji ya ujazo uleule, ilhali oliveniti, aseneti nyingine ya shaba iliyotoka katika migodi ya jirani, hufikia takriban mara nne na nusu. Tofauti hiyo hutokana na maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Robo nzima ya uzito wa lirokoniti ni maji.

Fuwele bora kuliko zote zilitoka mgodi mmoja, Wheal Gorland, karibu na kijiji cha St Day katika parokia ya Gwennap. Kilichotafutwa huko kilikuwa shaba. Mwishoni mwa karne ya 18 wachimbaji walipokuwa wakifuata mishipa ya mbale karibu na uso wa ardhi, walikutana na mianya ya mawe iliyopambwa kwa fuwele za kijani na buluu. Zilikuwa na thamani kwa wakusanyaji wa madini. Philip Rashleigh, bwana wa Menabilly aliyefariki mwaka 1811, alikusanya vipande vya namna hiyo kwa bidii, na mkusanyo wake leo umo katika jumba la makumbusho la Truro, Cornwall. Migodi michache ya jirani nayo ilitoa lirokoniti. Kwingineko duniani imepatikana mahali pachache, na mara nyingi kwa chembe ndogo tu.

Uhaba huo una sababu zake. Kilindini, shaba na aseniki hukaa ndani ya sulfidi, kama vile kalkopiriti na arsenopiriti. Maji ya mvua yenye oksijeni yakipenya kutoka juu, sulfidi huoza, maji huwa na tindikali, na shaba pamoja na aseniki huyeyuka na kusafiri ndani ya nyufa. Hapo aseneti za shaba zinaweza kujijenga, na zipo nyingi: oliveniti, klinoklasi, kornwaliti na nyinginezo. Lirokoniti inadai kitu cha tatu. Inataka alumini iliyoyeyuka iwepo mahali hapo hapo, na alumini haikubali kwa urahisi kukaa majini. Maji yakiwa makali, huyeyuka kutoka kwenye graniti na udongo. Ukali ukipungua kidogo, hujitenga na kurudi kuwa udongo. Kwa hiyo lirokoniti hujijenga katika nafasi finyu, kabla alumini haijakimbia na shaba haijaishia kwingine. Gwennap ilikuwa na vyote: graniti, mawe ya tabaka yaliyochomwa na graniti hiyo, mishipa ya shaba, na aseniki tele.

Ukiangalia Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, utaona upande wa pili wa jambo hilo. Pale shaba ni nyingi mno lakini aseniki ni haba, hivyo mapambo ya tabaka la juu ni malakiti, na pale fosforasi ilipojitokeza, ni fosfeti za shaba. Mojawapo ni kornetiti, jiwe la buluu iliyokolea lililotambuliwa kwa mara ya kwanza katika mgodi wa Étoile karibu na Lubumbashi na kupewa jina la Jules Cornet, Mbelgiji aliyepima jiolojia ya Katanga kati ya 1891 na 1893. Fomula ya kornetiti ni Cu3(PO4)(OH)3. Ile ya klinoklasi ya Cornwall ni Cu3(AsO4)(OH)3. Toa fosforasi, weka aseniki, na umetoka Lubumbashi hadi St Day, ingawa atomi hazijipangi kwa namna moja katika mawe hayo mawili.

Turudi kwenye uchambuzi wa 1801. Chenevix hakufanya kazi peke yake. Mawe aliyoyapima yalikuwa yamepangwa na Jacques Louis de Bournon, mtaalamu wa madini na kabaila wa Ufaransa aliyekimbia mapinduzi ya nchi yake na kupata riziki London kwa kupanga mikusanyo ya matajiri. Bournon alitumia macho, mizani ya kupimia uzito ndani ya maji, na goniometa ya mikono miwili inayobana nyuso za fuwele ili kusoma pembe kati yake. Kwa vitu hivyo alizigawa aseneti za shaba za Cornwall katika aina nne: zenye nyuso nane butu, zenye vipande vyembamba vya pembe sita, zenye nyuso nane kali, na zenye miche ya pande tatu. Leo aina hizo zinajulikana kuwa lirokoniti, kalkofiliti, oliveniti na klinoklasi. Mgawanyo wake umesimama hadi leo.

Bournon naye hakuona kila kitu. Umbo la nyuso nane alilolisoma kwenye lirokoniti si oktahedra ya kweli. Ni jozi mbili za nyuso za miche zinazokutana kwenye fuwele isiyo na ulinganifu mkubwa kiasi hicho. Lakini alikuwa sahihi katika jambo lenye uzito zaidi: hiki ni kitu cha pekee, kisichochanganywa na kingine.

Kisha mawe yakaingia maabara. Mchambuzi wa enzi ile alikuwa na njia chache, zote za mikono. Alisaga jiwe, akalipima, akalichoma katika kikombe cha kuyeyushia, akalipima tena; kilichopungua kikaitwa maji. Unga mwingine aliuyeyusha katika asidi ya nitriki. Aseniki iliweza kunaswa kwa nitreti ya risasi, ambayo hufanya mashapo meupe ya aseneti ya risasi. Shaba iliweza kushushwa kwa potashi: kwanza hutokea mashapo ya buluu, na yakichemshwa hugeuka meusi, yaani oksidi ya shaba. Kila shapo lilichujwa, likaoshwa, likakaushwa na kupimwa.

Sasa tarakimu. Ukikokotoa kutoka kwenye fomula, lirokoniti safi ina oksidi ya shaba asilimia 36.7, oksidi ya alumini 11.8, oksidi ya aseniki (ile Chenevix aliyoiita asidi) 26.5 na maji 25. Chenevix alipata shaba 49. Alizidisha kwa 12.3. Jumlisha shaba ya kweli na alumini ya kweli: 36.7 na 11.8 ni 48.5. Pengo linalobaki kati ya jumla hiyo na ile 49 ya Chenevix ni nusu asilimia.

Hesabu inaelekeza mahali pamoja. Alumini haikupotea, ilipimwa na kuandikwa kwa jina la shaba. Kemia inaonyesha jinsi hilo linavyotokea. Potashi ikitiwa kwa kiasi, alumini hushuka pamoja na shaba kama ute mweupe. Ikizidi sana, ute huo huyeyuka tena na kutoweka. Potashi isipofika kiwango hicho, ute hubaki ndani ya mashapo ya shaba, na mashapo yakichemshwa hadi yakawa meusi, weupe wake hauonekani tena kwa jicho. Unga mweusi juu ya karatasi ya kuchujia unaonekana kuwa shaba tupu.

Upande wa pili wa daftari una kosa lenye sura hiyo hiyo. Aseniki ilipungua kwa 12.5, maji yakazidi kwa 10. Aseniki ina tabia ya kutoroka: jiwe lake likichomwa juu ya makaa hutoa mvuke wenye harufu ya vitunguu saumu, na wachambuzi wa zamani waliitambua kwa harufu hiyo. Katika upimaji wa maji, chochote kinachoondoka na moto huhesabiwa kuwa maji. Ukiyaweka makosa yote pamoja, nusu asilimia iliyozidi upande wa shaba na alumini, maji 10 yaliyozidi na aseniki 12.5 iliyopungua, unabaki upungufu wa mbili. Ndiyo maana jumla ikawa 98.

Oliveniti ilimpa matokeo bora zaidi: shaba 60 na aseniki 39.7, jumla 99.7. Kwa fomula ya leo, Cu2(AsO4)(OH), oliveniti ina oksidi ya shaba 56.2, oksidi ya aseniki 40.6 na maji 3.2. Hapa aseniki iko karibu sana na ukweli. Maji machache hayakuonekana, na shaba ikajaza nafasi yake. Kwa mara nyingine jumla ilikuwa nzuri kuliko sehemu zake.

Masahihisho yalichukua zaidi ya miaka 30. Katika miaka ya 1830 Msweden Hans Gabriel Trolle-Wachtmeister alionyesha kwamba jiwe lina alumini, tena lina fosforasi kidogo iliyokalia nafasi ya aseniki. Katika miaka ya 1840 Mfaransa Augustin Alexis Damour alipata shaba karibu 37, alumini karibu 10 na maji zaidi kidogo ya 25, takwimu ambazo mtaalamu wa leo angezikubali bila shida. Njia ya kutenganisha metali hizo mbili haikuhitaji chombo cha ajabu. Amonia ikizidishwa, shaba huyeyuka na kuufanya mchanganyiko uwe buluu iliyokolea, na alumini hubaki chini ikiwa ute mweupe unaoonekana wazi. Kwa potashi, viwili hivyo vinaweza kushuka pamoja. Kwa amonia, hutengana mbele ya macho.

Kilichothibitisha fomula kwa atomi zenyewe ni eksirei. Mwaka 1991 Peter Burns, Raymond Eby na Frank Hawthorne walichapisha mpangilio wa ndani wa lirokoniti uliosahihishwa kwa kipimo kipya. Ndani yake, aseniki iliyozungukwa na oksijeni nne na alumini iliyozungukwa na sita hupokezana katika minyororo, na minyororo hiyo hufungwa pamoja na jozi za atomi za shaba. Alumini ni sehemu ya mifupa ya jiwe. Bila hiyo fuwele haisimami, na umbo lile alilolibana Bournon kwa goniometa yake lisingekuwepo.

Maabara za sasa hupima jiwe kama hili kwa mwali wa elektroni unaogusa eneo dogo kuliko punje ya vumbi. Shaba, alumini, aseniki na fosforasi husomeka moja moja, kila moja kwa eksirei yake, hivyo kosa la kuiita alumini shaba halitokei tena kwa njia ileile. Ila mwali huo hausomi hidrojeni. Tena joto lake hufukuza maji kutoka kwenye madini kama lirokoniti, na maji yakiondoka, asilimia za metali hupanda kuliko zilivyo. Mchambuzi akitoa jumla yake kutoka 100 na kukiita maji kile kilichobaki, makosa yake yote huingia katika safu hiyo ya mwisho, na jumla itatimia mia kila mara. Kwa sababu hiyo ripoti ya madini yenye maji husomwa kwa kuanzia safu ya maji: yalipimwa kwa kukusanywa, yalikokotolewa kutoka kwenye mpangilio wa atomi, au ni masalio ya kutoa tu.