Uhakiki wa Vigezo vya Kutathmini Usanifu na Urahisi wa Matumizi wa Tovuti za Umma: Mfano wa Kata ya Malangali, Manispaa ya Sumbawanga

1.0 Utangulizi

Tathmini nyingi za tovuti za umma huanzia kwenye skrini na kuishia kwenye skrini. Mtathmini hufungua ukurasa wa mwanzo, hupima muda unaotumika ukurasa kufunguka, hukagua menyu, rangi na ukubwa wa herufi, kisha hutoa alama. Utaratibu huo una manufaa yake, lakini umejengwa juu ya dhana ambayo ni nadra kuhojiwa, yaani kwamba mwenye shida na mwenye kubofya ni mtu mmoja. Sehemu hii inahakiki dhana hiyo kwa kuvipima vigezo vinavyotumika sana katika taaluma hii dhidi ya mazingira ya Kata ya Malangali, mjini Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa. Hoja kuu inayojengwa ni kwamba vigezo hivyo hubaini vizuri kasoro za ukurasa, lakini havimwoni mtu anayekaa kati ya mwananchi na ukurasa huo. Kwa sababu hiyo, tovuti inaweza kupata alama za juu huku mlengwa wake akiwa hajawahi kuigusa.

2.0 Usuli

Juhudi za Tanzania za kuweka huduma za umma katika mtandao zilipata chombo mahususi mwaka 2012, ilipoanzishwa Wakala ya Serikali Mtandao. Kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, Wakala hiyo ikawa Mamlaka yenye nguvu ya kusimamia viwango. Kati ya hatua hizo mbili, mwaka 2017, sekretarieti za mikoa na halmashauri zilipata tovuti zilizojengwa kwa kiolezo kimoja, kwa msaada wa mradi wa kuimarisha mifumo ya sekta ya umma, PS3, uliofadhiliwa na Marekani. Mkoa wa Rukwa, ambao kwa Sensa ya mwaka 2022 una watu zaidi ya 1,500,000, ukaingia katika mpango huo pamoja na halmashauri zake nne: Manispaa ya Sumbawanga, Wilaya ya Sumbawanga, Kalambo na Nkasi.

Tangu wakati huo huduma zenyewe zimehamia katika mifumo mingine. Malipo ya Serikali hupitia mfumo wa GePG, ulioifanya namba ya kumbukumbu ya malipo kuwa msamiati wa kila siku. Leseni za biashara katika halmashauri huombwa kupitia mfumo wa TAUSI ulio chini ya TAMISEMI. Mfanyabiashara wa Malangali anayehitaji leseni leo hukutana na mlolongo wa milango: tovuti ya Manispaa kwa maelezo, TAUSI kwa maombi, namba ya NIDA kwa utambulisho, namba ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato, na simu ya mkononi kwa malipo. Kuipima tovuti ya halmashauri peke yake ni sawa na kulipima lango bila kuingia uani.

3.0 Vigezo Vinavyohakikiwa

Vigezo vitatu vimechaguliwa kwa sababu ndivyo vinavyorejelewa mara kwa mara. Cha kwanza ni fasili ya kiwango cha kimataifa ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kuhuishwa mwaka 2018. Kiwango hiki hutazama urahisi wa matumizi kwa mambo matatu: mtumiaji kulifikia lengo lake, kulifikia bila kupoteza nguvu na muda, na kuridhika, yote hayo katika muktadha uliobainishwa. Cha pili ni kanuni kumi za ukaguzi wa kitaalamu, zilizotokana na kazi ya Nielsen na Molich (1990) na kupangwa upya na Nielsen mwaka 1994. Kanuni hizi hutumiwa na wakaguzi wachache, kwa kawaida watatu hadi watano, wanaopitia kurasa na kuorodhesha kasoro. Cha tatu ni hojaji fupi ya Brooke (1996) yenye kauli kumi, ambayo majibu yake hubadilishwa kuwa alama kati ya 0 na 100.

Nguvu ya vigezo hivi haipaswi kupuuzwa. Kanuni ya Nielsen inayotaka mfumo uzungumze lugha ya mtumiaji inatosha kufichua kasoro kubwa katika tovuti nyingi za halmashauri, kwa kuwa menyu zake hufuata muundo wa ofisi. Mwananchi anakutana na Utawala, Idara, Miradi, Machapisho na Fursa za Uwekezaji. Hayo ni majina ya mambo ambayo halmashauri inayo, ilhali mwananchi amekuja na jambo analolitaka: kufungua duka, kupata kibali cha ujenzi, kujua kama kikundi chake kinastahili mkopo. Anayetaka kibali cha ujenzi analazimika kwanza kujua ni idara ipi inayokitoa. Kwa upande mwingine, kanuni ya uwiano inaonesha faida ya kiolezo cha pamoja: aliyeizoea tovuti ya Manispaa ya Sumbawanga hatapotea akifungua ya Kalambo. Uhakiki wa haki lazima uyataje yote mawili.

4.0 Upungufu wa Vigezo

4.1 Jina na mahali

Kanuni za ukaguzi huanza kufanya kazi mtumiaji akiwa tayari amefika kwenye tovuti. Hazisemi lolote kuhusu kufika. Malangali ni mfano mzuri wa tatizo hilo, kwa kuwa jina hilo linajulikana zaidi nchini kwa Malangali ya Mufindi, mkoani Iringa, yenye shule kongwe iliyoanzishwa enzi za utawala wa Waingereza. Anayeandika jina la kata yake katika mtambo wa kutafutia ana kila sababu ya kupelekwa Iringa. Akiongeza neno Sumbawanga, anakutana na utata wa pili, kwani halmashauri mbili zina jina hilo: ya Manispaa, ambako Malangali imo, na ya Wilaya, ambayo makao yake makuu yamehamia Laela, katika barabara ya Tunduma. Anwani za tovuti zao zinatofautiana kwa herufi moja tu, *m* kwa moja na *d* kwa nyingine, nazo ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza yanayomaanisha manispaa na wilaya. Mtu asiyezijua herufi hizo anaweza kusoma tangazo la mkopo au la viwanja lisilomhusu na asitambue kosa. Hakuna kanuni hata moja kati ya zile kumi inayomtaka mkaguzi aulize kama mwananchi amefika katika halmashauri yake.

4.2 Mtumiaji ambaye ni watu wawili

Upungufu mkubwa zaidi umo katika neno "mtumiaji". Katika miji midogo ya Tanzania, Sumbawanga ikiwamo, maombi mengi ya mtandaoni hujazwa katika steshenari. Mwombaji huja na vyeti vyake, namba ya NIDA na simu. Mhudumu wa steshenari huskani nyaraka, hufungua akaunti, hujaza fomu, huchapisha na kupokea malipo yake. Jambo hili linajulikana kwa kila aliyewahi kuomba mkopo wa elimu ya juu au kazi serikalini. Watafiti Sambasivan, Cutrell, Toyama na Nardi (2010) walilieleza jambo la namna hii kutokana na makazi ya watu wa kipato cha chini nchini India, na kulipa hadhi ya aina kamili ya matumizi: matumizi kupitia mtu wa kati.

Vigezo vitatu vikiletwa mbele ya hali hiyo, kila kimoja huyumba kwa namna yake. ISO 9241-11 inadai kulifikia lengo. Lengo la nani? La mwombaji ni kupata leseni. La mhudumu ni kumaliza fomu hii na kumkaribisha mteja mwingine. Fomu iliyokamilika kwa dakika kumi ni mafanikio kwa mhudumu hata kama ameichagua aina ya biashara isiyo sahihi, kosa ambalo mwombaji ataligundua baadaye mbele ya Ofisa Biashara. Hojaji ya Brooke nayo ikipewa mhudumu itapata alama nzuri, kwa sababu yeye hujaza fomu hiyo mara nyingi na amezizoea kasoro zake. Ikipewa mwombaji, hatakuwa na la kujibu, maana hakushika kipanya. Kanuni ya Nielsen ya kumpa mtumiaji uhuru na udhibiti nayo inapotea njiani: mwenye udhibiti siye mwenye jambo.

Hapa ndipo suala linapovuka mipaka ya usanifu na kuwa suala la haki. Akaunti iliyofunguliwa steshenari mara nyingi hubaki na nywila aliyoitunga mhudumu. Nakala za vyeti hubaki katika kompyuta yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa kuzilinda. Lakini tathmini ya tovuti inayomhesabu mhudumu kuwa ndiye mtumiaji haiwezi hata kuliona tatizo hilo. Fikiria kikundi cha wanawake kinachoomba sehemu yake ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi ambacho nywila yake iko kwa mtu mwingine kinaweza kukosa taarifa ya kurekebisha maombi hadi muda ukapita, na kumbukumbu za mfumo zitaonesha tu kwamba mwombaji hakujibu.

4.3 Tovuti isiyo tovuti

Vigezo vyote vitatu, vinavyotumika kwa kawaida, hudhani kuna ukurasa wa kukaguliwa. Hata hivyo, Serikali ina pia mlango wa *152*00#, unaofunguka katika simu ya kitochi bila bando. Heeks (2002) aliita umbali uliopo kati ya picha iliyomo kichwani mwa msanifu na hali ya mahali mfumo unapotumika pengo la usanifu na uhalisia. Mtathmini anayekagua ukurasa kwa kompyuta yenye mtandao wa kasi anaongeza pengo hilo badala ya kulipima.

5.0 Hoja Pinzani

Inaweza kudaiwa kwamba mhudumu wa steshenari ni hali ya mpito, na kwamba simujanja zikienea ataondoka mwenyewe. Hoja hiyo ina ukweli wa sehemu tu. Mwenye simujanja bado huhitaji kuskani, kuchapisha na kupunguza ukubwa wa faili. Zaidi ya hayo, huogopa kukosea katika jambo linalogharimu fedha. Anachonunua steshenari ni uhakika.

Aidha, historia ya huduma za fedha kwa simu inaonesha kwamba mtu wa kati anaweza kupewa nafasi rasmi ndani ya usanifu. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, wakala alikuwa na laini yake na menyu yake, na mteja alibaki na namba yake ya siri. Wakala humsaidia mteja bila kugeuka kuwa mteja. Mfano huo unathibitisha kwamba tatizo la steshenari halitokani na uwepo wa mhudumu. Linatokana na mifumo kusanifiwa na kutathminiwa kana kwamba hayupo.

6.0 Mapendekezo ya Kinadharia

Uhakiki huu haupendekezi vigezo vilivyopo vitupwe. Unapendekeza viongezewe maswali manne. Kwanza, je, mwananchi anaweza kutambua kwa hakika kwamba amefika katika halmashauri yake, kwa jina la kata au mtaa wake? Pili, nani mwenye jambo na nani mwenye kubofya, na je, kila mmoja amepimwa kwa lengo lake? Tatu, baada ya kazi kukamilika, nywila, taarifa za maendeleo ya maombi na nakala za nyaraka vimebaki mikononi mwa nani? Nne, kazi hiyohiyo inawezekana kwa kiasi gani katika simu ya kitochi, na inaishia wapi?

Maswali hayo yana gharama. Swali la pili na la tatu haliwezi kujibiwa na wakaguzi waliokaa ofisini; yanahitaji kuwaangalia watu wawili wakifanya kazi pamoja mezani, kisha kumhoji kila mmoja peke yake kwa ridhaa yake. Pia hayatoi alama moja inayoweza kupangwa katika jedwali la halmashauri bora. Upungufu huo unakubalika, kwa kuwa alama moja ndiyo inayomficha mwombaji.

7.0 Hitimisho

Imeoneshwa kwamba vigezo vinavyotawala tathmini ya tovuti vinafaa kubaini kasoro za ukurasa, zikiwamo menyu zinazofuata muundo wa ofisi. Imeoneshwa pia kwamba vinashindwa katika mambo matatu: utambuzi wa mahali, mgawanyo wa mtumiaji kati ya watu wawili, na njia zisizo za tovuti. Kiwango cha ISO chenyewe kinataka muktadha ubainishwe kabla ya kupima. Kwa Malangali, kuubainisha muktadha huo ni kukubali kwamba tathmini inapaswa kuanzia kwa mwombaji aliyekaa kwenye benchi la steshenari akisubiri zamu yake, na kuendelea hadi siku atakapoweza kufungua mwenyewe akaunti iliyoandikishwa kwa jina lake.