Pongezi kwa Washonaji wa Njia ya Mlevi

Kuunga viraka vya mraba kuwa mfarishi ni kazi ya mshono ulionyooka. Viraka vya mviringo ni habari nyingine, na wanawake wa Marekani waliorithishana ufundi huo tangu karne ya 19 wanastahili pongezi za dhati.

Mtindo wao maarufu huitwa Njia ya Mlevi. Kila mraba una vipande viwili tu: robo ya duara, na kipande kilichomegwa pembeni ili kuipokea. Kingo zikilazwa pamoja hazilingani. Mmoja umebinuka nje, mwingine umeingia ndani. Hapo ndipo mwanafunzi hukata tamaa.

Mwalimu mzuri hamwachi. Humwonyesha kukunja kila kipande apate katikati, kutia pini ya kwanza hapo, kisha moja kila mwisho, na kushona polepole huku vidole vikilainisha kitambaa. Mshono huacha ukingo wa robo inchi. Ukizidi, mraba unapinda.

Miraba 16 ya rangi mbili ikigeuzwageuzwa, njia inayoyumba hujitokeza.

Huko Paducah, jimboni Kentucky, pana makumbusho ya mifarishi tangu 1991. Anayefika huko asiyakose.